Mstari wa Mtu wa Tisini

Mwaka 1999 Mwanasiti, mwanamke wa mtaa wa Jabe, alikuwa akiweka hesabu za maji kwenye shirika moja lililojenga robine, yaani mabomba ya maji, katika kambi ya waliokimbia vita kule Ruziba. Kila Ijumaa aliletewa kadi mia moja. Kila kadi ilikuwa ya mwanamke mmoja, saa aliyofika na muda aliosimama kwenye foleni. Alitafuta wastani, akatia nukta kwenye karatasi ya miraba ukutani.

Wiki ile wastani ulikuwa dakika arobaini na nane. Shefu wake, Callixte, alifurahi. "Mustari unashuka. Robine moja tutaihamishia kambi ingine."

Mwanasiti akarudi kuitazama ile nukta. Asubuhi hiyohiyo Caritas, mmoja wa wanawake wa kambini, alikuwa amemsimulia jinsi giza lilivyomkuta njiani na bido yake, dumu la maji, muda wa kutotoka nje umeshaanza, askari wakapiga risasi juu ya kichwa chake. Dakika arobaini na nane zinamfikishaje mtu gizani?

Akafunga mlango, akazipanga kadi mezani, kuanzia aliyengoja kidogo hadi aliyengoja sana, akahesabu kwa kidole. Kadi ya hamsini: dakika ishirini. Ya themanini: saa moja. Ya tisini: saa tatu! Kumi zilizobaki zilipita hapo, na wenye kadi hizo wote walikuwa wamefika alasiri, tangi la maji likikaribia kukauka.

Alizibeba kwa Callixte. Kazi zilikuwa haba, na shefu hakupenda kusahihishwa.

"Shefu, mi naomba tuchore mustari wa pili. Wa mutu wa tisini."

"Kwa ajili ya asilimia kumi tu, Mama Mwanasiti?"

"Apana, shefu. Hao kumi ni wamama, na wanarudi mu giza."

Callixte akazipekua zile kadi kumi za mwisho. "Chora. Lakini wakubwa wakiuliza, ni we utajibu."

Jumatatu wakauliza. Akajibu kwa kuwaonyesha zile kadi kumi. Robine haikuhamishwa, na tangi likaanza kujazwa mara mbili kwa siku. Baada ya wiki tatu mstari wa pili ulishuka hadi saa moja na nusu.

Callixte akampa mkono. Mwanasiti akashukuru, lakini hakutulia, kwani juu ya mstari ule bado palikuwa na wanawake kumi. Tangu hapo, kadi zilipoletwa, alianza kwa kuzitafuta na kuzisoma kumi za waliongoja kuliko wote, akiwa bado amesimama.