Mlezi Mmoja, Watoto Wengi

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikabaki kijijini kwetu Akheri na wadogo zangu watatu, kahawa na migomba. Leo kitinda mimba anafanya kazi ya kompyuta katika hospitali moja mjini Arusha.

Mwaka jana alikuwa bado kwenye majaribio. Alipewa kazi ya kuchora na kueleza kanzidata nzima ya hospitali, yaani majedwali yote yanayotunza habari za wagonjwa, dawa na vipimo, ili wanaoyatumia wayaelewe. Wasipoelewa, hapati mkataba.

Jumamosi moja alikuja na kompyuta yake. Programu ilikuwa imemchorea kila kitu kwa mkupuo: visanduku vimejaa kioo chote, mistari imepitana juu kwa juu.

"Haya ni matumbo ya mbuzi," nikamwambia.

"Bosi naye kasema hivyo hivyo, ila kwa Kiingereza."

Tulicheka, lakini chakula hakukimaliza. Mchana ule akaugawa mchoro: mapokezi peke yake, duka la dawa peke yake, kila kundi na rangi yake. Kisha akaandika maelezo ya kila kisanduku kwa Kiswahili, akinipa niyasome huku nachambua maharage.

"Mimi nitaelewa nini?"

"Usipoelewa wewe, dada, naandika upya."

Niliyakataa mengi. Akayaandika upya bila kununa.

Tukafika kisanduku cha mlezi. Mstari ulitoka hapo kwenda kwa wagonjwa watoto, ukaishia na vidole vitatu kama mguu wa kuku. "Maana yake mlezi mmoja, watoto wengi," akasema. Chini yake aliandika: "Mlezi ni mtu anayewajibika kwa mtoto. Si lazima awe mzazi."

"Hili nani kakufundisha?"

"Dada, soma tu."

Hilo sikulikataa.

Wiki iliyofuata alipiga simu nikiwa shambani. Binti wa mapokezi alikuwa ameuchukua mchoro wao na kuwaeleza wenzake mwenyewe. "Wamenipa mkataba, dada." Nikaketi palepale chini ya mgomba.

Jumapili nilipeleka mkungu wa ndizi kanisani kumshukuru Mungu. Baada ya ibada sadaka zikanadiwa nje, kama kawaida. Ulipofika mkungu wangu, kila aliyetaja bei, sauti moja nyuma yangu ilimpita. Nikageuka: ni mdogo wangu.

"Mkungu wa shambani kwetu unaununua?"

"Wa kwa watu siujui utamu wake."

Akaubeba begani hadi nyumbani. Shati lake jeupe likaingia utomvu, nami sikumgombeza.