Pikipiki ya Msafara Tuliyoipandisha Angani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Madungu, Pemba, nilimkuta fundi mmoja mtu mzima amekaa nyuma ya pikipiki, macho ameyafumba, anasoma dua. Mbele yake alikaa Mkuu wa Karakana, tayari kwenda kuijaribu mteremkoni. Sheria ya pale ilikuwa kwamba aliyefunga breki ndiye anayepanda nyuma wakati wa majaribio. Walirudi wazima, na Mkuu akanieleza kuwa hajaona dawa ya uzembe iliyo bora kuliko hiyo. Kisha akanipa fagio.

Miaka ile baada ya Mapinduzi serikali ilikuwa ikitafuta wasichana wa kusomea ufundi. Mimi nilitoka shule ya Wete nikiwa nimekwisha fungua na kufunga baiskeli ya baba mara nyingi mpaka akaamua kuificha. Mkuu, ambaye alikuwa mfupi, mpole wa sauti na mgumu wa kusifu mtu, alinianzisha na kabureta, yaani kile kikombe kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Nilisafisha kabureta mpaka ndoto zangu zikanuka petroli. Ninyi vijana wa leo mnabadilisha kifaa kabla hata hamjakisikiliza, halafu mnasema pikipiki imezeeka. Sisi tulikuwa hatuna cha kubadilishia, kwa hiyo tulisikiliza.

Baadaye nilihamishiwa Wete, chini ya Afisa Karafuu, kutunza pikipiki za mabwana shamba. Afisa yule alikuwa muungwana sana, ila kila ugonjwa wa pikipiki kwake ulikuwa plagi. Gurudumu likipasuka, alitaka nitazame plagi. Nilikaa naye miaka mingi na nikampenda, na pikipiki zake zilipanda vilima vyenye tope ambavyo leo hata magari hayavipandi. Niliporudishwa Madungu nilikuwa naibu wa Mkuu, na watu walikuwa wamekwisha niita Bi Mize Fundi.

Hapo ndipo alipotujia Kapteni. Alikuwa Mpemba wa Gombani aliyerusha ndege ndogo maisha yake yote, na watu wengi wa Chake walikuwa na mgonjwa wao aliyewahi kupelekwa naye hospitali Unguja au Dar es Salaam. Wakati ule alikuwa amestaafu. Macho yake ya mbali yalikuwa mazima, lakini ya karibu yalikuwa yamekwisha, hata kwa miwani. Daktari alikuwa amemwambia kuwa cheti chake cha afya, ambacho rubani haruki bila ya hicho, kikimalizika mwezi ule hatampa kingine. Kapteni alitaka jambo moja tu kabla ya hapo, aruke juu ya kisiwa chake kwa raha yake, bila ya abiria wala mizigo.

Ndege alikuwa nayo, au tuseme nusu ya ndege. Mgeni mmoja aliyekuwa akiondoka alimwachia ndege ya starehe yenye bawa la kitambaa, magurudumu matatu na viti viwili, mmoja anakaa mbele na mwengine nyuma yake. Injini yake ilikuwa imeliwa na chumvi. Nyuma ya karakana yetu palikuwa na pikipiki ya msafara iliyokwisha ondolewa kazini, mojawapo ya zile kubwa zinazotangulia magari ya viongozi, yenye silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto. Kapteni aliomba kuinunua, wakubwa wakaridhia, na Mkuu akaturuhusu kuishughulikia baada ya saa za kazi.

Watu hudhani unang'oa injini ya pikipiki, unafunga pangaboi, unaruka. Pangaboi likizungushwa kwa kasi ya injini ya pikipiki hupiga kelele tu, halisukumi kitu. Basi tulitoa giaboksi, tukatia puli ndogo kwenye injini na puli kubwa kwenye pangaboi, na mkanda katikati, ili injini ikimbie na pangaboi litembee kwa heshima. Tukatoboa kichwa cha kila silinda tukatia plagi ya pili yenye umeme wake wenyewe, maana pikipiki ikizimika unaisukuma, lakini kule juu utasukuma nini. Nilimkumbuka Afisa Karafuu siku ile, nikacheka peke yangu.

Tatizo kubwa lilikuwa joto. Pikipiki hupumzika, huteremka kilima, husubiri ng'ombe avuke. Ndege huifanyisha injini kazi nzito tangu inapoondoka mpaka inaposhuka. Kwa hiyo tulifunga saa ya joto yenye mishale miwili, mmoja kwa kila silinda, na mstari mwekundu ambao mshale haufai kuufikia.

Siku ya kwanza ya kuiwasha, uani kwa Kapteni, tuliifunga kwa kamba kwenye mnazi na kuuelekeza mkia wake kwenye ua wa makuti. Injini ilinguruma vizuri mno. Hatukufikiria kwamba nyuma ya ule ua jirani yake, Bi Raya, alikuwa ameanika karafuu. Alitokea mlangoni akiwa na karafuu mpaka kwenye nywele.

"Kapteni," alisema, "karafuu zangu hazina mabawa. Ukitaka kurusha, rusha hicho kidude chako."

Tulishinda tumeinama kwenye majani tunaokota karafuu, Kapteni na Mkuu wa Karakana wakiwa pamoja nasi, na majirani wakipita kutupa pole huku wakijizuia kucheka. Ulikuwa msimu, na mtaa mzima ulikuwa na majamvi ya karafuu nje. Tukakubaliana na Bi Raya kwa heshima kwamba injini itawashwa tu mawingu yakitanda, majamvi yakishakunjwa na kuingizwa ndani. Tulifuata ahadi ile barabara. Kila wingu lilipotokea tulikimbilia Gombani, na kila tulipowasha, mishale ya joto ilikaa chini, imetulia.

Mkaguzi wa ndege alikuja kutoka Dar es Salaam, na kesho yake alitakiwa arudi. Tulikutana naye uwanja wa ndege, jua limewaka na hakuna wingu hata moja. Akataka injini iende kwa nguvu zote mbele ya macho yake. Mshale wa kulia ulitulia. Wa kushoto ukapanda, ukapanda, ukaugusa mstari mwekundu, naye akanyoosha mkono tuzime.

Ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tumeijaribu injini ya ndege kwenye hali ya hewa ya kutoanika karafuu. Baridi ya mawingu ndiyo iliyokuwa ikitufichia ugonjwa. Kapteni alikaa juu ya sanduku la spana, na mimi niliona haya na uchungu kwa pamoja, maana cheti chake kilikuwa kinakwisha wiki ile.

Nilimwomba Mkaguzi atupe mpaka alasiri. Alitazama saa yake, akamtazama Kapteni, akakubali. Nilizunguka injini ile nikaona kuwa tangi la petroli tulilifunga nyuma ya kiti upande wa kushoto, likawa linakinga upepo usifike kwenye silinda. Tukalihamishia chini ya kiti. Kisha nikakata debe la mafuta ya kula, nikalikunja likawa mkono wa bati wa kuukusanya upepo na kuuelekeza kwenye mapezi, yaani yale mabati membamba ya silinda yanayotoa joto. Mkuu alinishikia koleo bila ya kunielekeza hata mara moja, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Tulipowasha tena jua lilikuwa bado kali. Mshale wa kushoto ulipanda, ukasita chini ya mstari, ukabaki pale mpaka petroli tuliyopimiwa ikaisha.

Mkaguzi akamwonyesha Kapteni saa ya joto. "Mzee, hii unaisoma?"

"Saa naiona," alisema Kapteni. "Mishale siioni."

"Basi usiende peke yako. Awepo mtu wa kukusomea, na mshale ukigusa nyekundu mshuke."

Mkuu akanigeukia. "Bi Mize, injini kaifunga nani?"

"Mimi."

"Basi kiti cha nyuma unakijua."

Nilimpelekea salamu mama yangu, aliyekuwa akikaa Jadida, karibu na Wete, kuwa asubuhi tutapita juu ya Wete. Usiniulize nililalaje.

Tuliondoka asubuhi, upepo umetulia. Kapteni aliirusha ndege ile kama anayemkalisha mtoto mapajani. Alikuwa akiimba, nilimsikia juu ya kelele za injini. Kila mara alinipigia kelele nitazame huku, nitazame kule, nami nikamjibu kushoto imefika wapi na kulia imefika wapi. Juu ya Wete mshale wa kushoto ulianza kusogea. Nikampiga begani, akapunguza moto, tukashuka kidogo, mshale ukarudi. Tulipotua alikaa palepale machozi yakimtoka, akasema ameridhika. Hakuruka tena. Mungu amrehemu.

Sasa nimestaafu, nami ni wa kutafuta miwani kila nikitaka kusoma. Kazi ile nimeipenda, na naikumbuka, hata harufu yake. Wajukuu huniuliza Pemba ikoje ukiitazama kutoka juu, na wanaponisikia nasema sijui, hudhani nawatania. Mtu pekee ambaye sikuhitaji kumweleza sana alikuwa mama. Jioni ya siku ile nilikwenda Jadida nikamkuta amevaa kanga mpya. Alikuwa amesimama uani tangu asubuhi na majirani zake, wanapunga.

"Uliniona?" aliuliza.

"Sikukuona, mama."

"Kwani ulikuwa watazama wapi?"

"Saa ya joto."

"Njia nzima?"

"Njia nzima."

Akanivutia sahani ya chakula.

"Basi ndo maana mmerudi," alisema.