Uwanja wa Bwana Mvua

Chuo chetu kilikuwa na uwanja wa mpira, na kilikuwa na mtu wa kuutunza, lakini viwili hivyo vilikuwa havijuani. Mtu mwenyewe wanafunzi walimwita Bwana Mvua. Sisi tuliokaa naye kwenye nyumba za wafanyakazi, nyuma ya jiko la chuo, tulimwita hivyohivyo, ila akiwa hayupo.

Jina alijitafutia. Ukimuuliza kwa nini katikati ya uwanja pamebaki udongo mtupu, mgumu kama sakafu, anafunga mikono nyuma, anatazama juu, anasema, "Subirini mvua." Mvua ikija, uwanja unageuka tope na mbele ya magoli panatuama maji ya kutosha bata. Naye anatazama juu vilevile: "Hii nayo imezidi." Kati ya mvua isiyotosha na mvua iliyozidi, nyasi hazikupata siku yao ya kuota, wala yeye hakupata siku yake ya kushika jembe.

Kazi aliipata kupitia kwa shemeji yake, aliyekuwa dereva wa Mkuu wa chuo. Kabla ya hapo alikuwa akiuza viatu vya mitumba, na kwa kweli ulimi wa kuuzia viatu ndio aliokuja nao. Hakuja na kingine. Alipewa mabuti ya mpira, na mabuti yale yalikuwa masafi kuliko sahani za jikoni kwetu. Alipewa stoo chini ya jukwaa, yenye mashine ya kukatia nyasi isiyo na kisu. Mashine ile aliianikia taulo. Yeye mwenyewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, redio mapajani, akipiga domo na kila apitaye kuhusu viwanja vya nchi za mbali ambavyo hajawahi kuviona.

Tusimwonee lakini. Chuo nacho kilikuwa na mkono wake. Uwanja ule ulikuwa wa mahafali, wa harusi za wenye uwezo, wa mikutano ya kila aina ya watu wenye vipaza sauti. Malori ya viti na mahema yalipita katikati yake kama barabara ya lami. Na nani alisimama getini kuyaongoza? Bwana Mvua, kofia kichwani, akipunga mkono: "Pita hapa, mkuu, pita hapa, hakuna shida!" Mahema yakiondoka yanaacha matundu ya vigingi kila mahali, naye anayaangalia kama mtu anayeangalia nyota. Mwisho wa mwaka Mkuu wa chuo anasimama mbele ya wafanyakazi na kumsifu kwa "kujituma." Alivikwa kilemba cha ukoka kila mwaka, wakati ukoka wenyewe uwanjani haupo.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye mdomo mkali kuliko sindano zake. Binti yao alisoma palepale chuoni na kuchezea timu ya wasichana, pembeni kushoto, na mbio zake ziliwafanya watu wasahau jina alilopewa na wazazi. Alikuwa Winga, mama yake Mama Winga, na kwa mkewe Bwana Mvua alikuwa Baba Winga. Kama kuna kitu mtu yule alikipenda kuliko kukaa kwenye ndoo, ni huyo mtoto. Alimfundisha mwenyewe kupiga mpira kwenye korido, wakavunja balbu, wakasingizia upepo. Siku za mechi alisimama chini ya jukwaa akijipiga kifua: "Mnamwona yule? Damu yangu ile!" Na binti anaruka matundu aliyoyaacha baba yake.

Ikaja nusu fainali ya wasichana wa vyuo, na ikaamuliwa ichezwe kwetu. Mkuu wa chuo akamwita Bwana Mvua ofisini. Ofisi ile ilikuwa na zulia la kijani, nene, lisilo na doa; ndiyo nyasi nzuri pekee chuoni. Bwana Mvua akavua mabuti mlangoni.

"Jumamosi tuna mgeni rasmi," Mkuu akasema. "Anakuja na wapiga picha. Nataka uwanja uwe kijani."

"Mkuu, kwa hali ya hewa ilivyo..."

"Nimekuuliza hali ya hewa?"

"Hapana, Mkuu."

"Nimesema nataka nini?"

"Kijani, Mkuu. Kitakuwepo."

Mtu mwingine angetoka pale akatafute maji, samadi na vibarua. Bwana Mvua alikwenda karakana, akaomba rangi iliyobaki walipopaka milango ya mabweni. Akaichanganya na maji, akaitia kwenye bomba la kupulizia dawa, akalibeba mgongoni na kuupulizia uwanja. Hatukuwahi kumwona akifanya kazi kwa bidii namna ile. Majani makavu yakawa kijani, udongo ukawa kijani, mawe yakawa kijani. Mbuzi wa jirani, aliyezoea kuingia kwa tundu la uzio, alionja, akatema, akaenda zake.

Kulikuwa na shimo moja baya, kona ya kushoto upande wa jukwaa, lililoachwa na nguzo ya hema la mahafali. Udongo wa kulijaza ungetakiwa kuletwa na toroli kutoka nyuma ya bweni, na toroli lilikuwa na pancha. Karakana ya useremala ilikuwa karibu. Akachota maranda ya mbao, akalijaza, akabandika juu kipande cha nyasi kavu, akapulizia rangi. Ukipita pale usingejua.

Jioni ile Winga alikuwa sakafuni akipaka viatu vyake dawa, mama yake akikanyaga cherehani.

"Baba," akasema, "lile shimo la kona, upande wa jukwaa. Umelijaza?"

"Nimelijaza."

"Kwa udongo?"

"Mwanangu, wewe kazi yako mpira. Uwanja niachie mimi."

Cherehani ikanyamaza. "Baba Winga, mtoto kakuuliza kwa udongo au kwa nini."

"Limejaa, jamani! Limejaa! Mnataka niape?"

Cherehani ikaendelea. Mazungumzo yakaishia hapo, na hicho ndicho alichokitaka.

Mechi ilianza kwa kicheko. Kipa wa wageni, jezi nyeupe, alijirusha kudaka mpira wa kwanza, akainuka kijani kuanzia begani mpaka gotini. Alijitazama kama aliyemwagiwa mchuzi. Refa akaokota mpira, akaangalia viganja vyake, akavifuta kwenye kaptula, kaptula nayo ikaharibika. Mwanafunzi mmoja akapaza sauti kutoka jukwaani, "Bwana Mvua! Si ungeiacha ikauke kwanza?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgeni rasmi alimnong'oneza mwenzake. Mkuu wa chuo alipiga makofi peke yake, bila sababu, kisha akaacha.

Bwana Mvua alijitia hamnazo. Alikuwa akimtazama binti yake, na binti alikuwa moto siku hiyo. Kila akigusa mpira beki wa wageni anaonekana kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha.

Kipindi cha pili ukapigwa mpira mrefu kushoto. Winga akaufukuza mpaka kona, akaweka mguu wa kushoto chini ili apige krosi, na mguu ukazama. Waliokuwa karibu walisikia mlio. Maranda yakaruka juu, meupe, katikati ya kijani chote kile, na yeye akaanguka kifudifudi.

Ndipo tulipomwona Bwana Mvua akikimbia. Mabuti yanapiga makofi miguuni, kofia imebaki njiani. Alipofika akapiga magoti, akanyoosha mikono.

"Usimguse!" kocha, mama mmoja asiye na mzaha, akamfokea. "Toka hapo!"

Winga hakulia. Alikuwa amekunja uso, akihema. Alichota maranda kutoka shimoni, akayaangalia kiganjani, akayaachia.

"Ulisema umelijaza," akamwambia.

"Nililijaza, mwanangu," akajibu. Kwa mara ya kwanza hakutazama juu. Ingekuwa heri angenyamaza tu.

Wageni walikataa kuendelea, wakasema hawawezi kuchezea kwenye bango la rangi. Mechi ilihamishiwa uwanja mwingine, bila Winga, tukafungwa.

Hospitali walisema mfupa wa kifundo umevunjika. Bwana Mvua alikaa kwenye benchi la korido, mikono kijani, akiisugua kwenye suruali. Mkewe akaja moja kwa moja kutoka kwenye cherehani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Alimtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka kwenye mabuti.

"Uwanja uliupaka rangi," akasema. "Haya, ingia ndani kapake na mguu."

Akampita akaingia.

Mkuu wa chuo akaunda kamati, kwa maana chuo kikiwa hakijui cha kufanya hukaa kikao. Asubuhi ya kikao Bwana Mvua alimwambia mkewe mlangoni, nasi majirani tukasikia, "Leo nasema ukweli. Malori, mahema, maranda, yote. Wakinifukuza wanifukuze."

"Tutaona," Mama Winga akasema, hakuinua macho.

Kikao kikakaliwa palepale kwenye zulia. Mwenyekiti akasema inavyoonekana tatizo ni viatu vya wachezaji, njumu zake ni ndefu mno, zinachimba. Mwingine akamtaja mbuzi. Kisha Mkuu akamgeukia Bwana Mvua: "Wewe ndiye mtaalamu wetu. Unasemaje?"

Dereva, yule shemeji yake, alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo, na ndiye aliyetuletea habari. Anasema Bwana Mvua alisafisha koo, akasafisha tena, akatazama zulia.

"Ni kama alivyosema mwenyekiti," akasema.

Akapewa cheo: Msimamizi wa Mazingira. Akapewa kiti chenye magurudumu, ndoo ikarudi jikoni. Na kwenye kipara katikati ya uwanja wakachomeka kibao: USIKANYAGE NYASI.

"Ulisema?" mkewe akamuuliza aliporudi.

"Walikuwa na haraka," akajibu.

Mama Winga alicheka kicheko kifupi kibaya, akarudi kwenye cherehani yake.

Winga naye alikaa ndani na plasta yake mguuni, akawa na adabu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Zamani alikuwa akimtania baba yake, akimwibia kofia. Sasa ni "Shikamoo, baba," basi. Baba akimuuliza, "Maumivu vipi, mwanangu?" anajibiwa, "Nashukuru." Plasta ilipotolewa alihamia kwa mama yake mdogo, eti ni karibu na zahanati. Zahanati nyingine ilikuwa ng'ambo tu ya barabara.

Baada ya hapo, asubuhi moja, tulimwona Bwana Mvua kwenye ile kona na jembe. Tulitoka nje na vikombe vyetu vya chai kwenda kutazama. Usitulaumu, haikuwa picha ya kila siku. Alitoa maranda yote kwa mikono. Akaleta udongo na toroli, akashindilia kwa miguu, akapanda vipande vya nyasi, akamwagilia. Alilima vibaya, kama mtu anayeua nyoka. Kufika mchana viganja vilikuwa na malengelenge, na sisi tulikuwa tumechoka kucheka. Nyasi nyingine zilikauka, nyingine zikashika, pakawa na kiraka cha nyasi cha ukubwa wa mkeka.

Malori ya harusi yakaja. Bwana Mvua akasimama getini, akamwambia dereva wa kwanza, "Pita upande ule, kijana. Kona ile iache."

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mzee, si wewe wa hakuna shida kila siku? Leo shida imetoka wapi?" Akapita juu ya kiraka, na wenzake wakamfuata. Bwana Mvua alikuwa na cheo, alikuwa na kiti chenye magurudumu, angeweza kwenda kwa Mkuu akapiga kelele. Hakwenda. Alikaa pale kona mpaka malori yaliposhusha viti.

Mguu wa Winga ulipona, ila mbio hazikurudi zote. Hakuchezea chuo tena. Alijiunga na timu ya mtaa alikohamia, inayochezea uwanja wa vumbi nyuma ya soko, usio na jani hata moja. Mama yake alimuuliza kwa nini, baada ya yote yale, akimbilie mahali kama pale.

"Mama, kule vumbi linajulikana ni vumbi," akasema.

Bwana Mvua akaanza kwenda kumtazama. Hakuambiwa aje, na hakuaga nyumbani. Alikwenda na viatu vya kawaida, akasimama nyuma ya watu, hakujipiga kifua. Jumapili ya kwanza Winga alimwona, akageuza uso. Jumapili zilizofuata akaendelea kumwona. Siku moja wakati wa mapumziko alimfuata pale alipo, jasho linamtiririka, akamtupia mfuko wa chupa za maji.

"Shika hizi. Mtu wetu wa maji hajaja."

"Sawa," akasema. Akaongeza, "Winga, mimi siku ile..."

"Baba, gawa maji."

Akagawa. Filimbi ikalia, wachezaji wakarudi, yeye akabaki pembeni na mfuko mikononi, kifua kimetoka mbele kidogo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mshika kibendera, kijana mwenye haraka zake, akamjia akikimbia.

"Mzee, wewe nani?"

"Baba wa yule pale. Kushoto."

"Haya, rudi nyuma. Umesimama kwenye mstari."

Akarudi nyuma.