Mjukuu wangu alivyonianika mbele ya ukoo kwa sababu ya nkende

Wakuu, shikamooni walionizidi. Waliobaki marahaba, maana najua wengi humu ni wajukuu tu mnaojiita wakuu.

Mimi ni bibi wa Izigo, Muleba. Shule niliishia la nne, kwa hiyo herufi ikikaa vibaya mnivumilie. Ila majina ya watu sisahau, na haya ninayoandika hata shemeji yangu Ta Bruno akiyasoma hawezi kuyakataa. Bahati nzuri hana simu ya kupangusa.

Kwanza muelewe jambo moja.

Sisi Wahaya kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo huo haukili wala haukidhuru. Mimi nimezaliwa Rubafu, na muziro wa kwetu ni mwingine kabisa. Nikaolewa huku na Ta Gozbert, Mungu amrehemu, na muziro wa kwao ni nkende. Ndiye huyu tumbili mnayemjua.

Siku naingia, mama mkwe wangu Ma Teodora alinikalisha mkekani akaniambia hapa nkende haliwi, hauawi, hatupiwi jiwe wala hatukanwi. Nikaitika. Nilikuwa bibi harusi, ningebisha nini?

Tatizo, nkende wenyewe hawana habari kwamba ni ndugu zetu.

Wanaingia kibanjani, kwenye migomba yetu, asubuhi, wanachagua ndizi kama wateja wa sokoni. Anamega moja, anaitupa, anachukua nyingine. Nikimlalamikia marehemu, ananiambia hao ni ndugu. Namjibu, mbona siku ya kupalilia hawaonekani?

Ta Gozbert alipofariki, mdogo wake Ta Bruno aliniuliza mbele ya ukoo wote kama nitaendelea kuuheshimu muziro. Nikasema ndiyo.

Wakuu, nilidanganya.

Kila asubuhi niliwatupia mawe. Aliyejua ni mmoja tu, mjukuu wangu Koku wa darasa la tatu, ninayeishi naye. Tulikubaliana kwamba ya kibanjani yanabaki kibanjani, nami nikawa namkaangia karanga.

Sasa mwaka jana shule yetu ilipata mwalimu mgeni, Mwalimu Neema, mtu wa Singida. Binti mwema sana. Akaanzisha klabu ya wanyamapori. Alisema mtoto akimfinyanga mnyama, akamchora na kumwigiza, hawezi kukua akamuua ovyo.

Watoto wakafinyanga. Adolfu wa Ma Justa, jirani yangu, alifinyanga kiboko. Kilipoanikwa juani kikapasuka tumbo, akasema amezaa. Hepi wa Ta Felisiani alimchora korongo mwenye miguu minne, eti asianguke.

Halafu likaja igizo. Mwindaji anamfuma nkende kwa mkuki, nkende anakufa, wanyama wote wanalia, ndipo unaanza wimbo wa kuwalinda. Watoto wakachaguliwa kwa kuokota vikaratasi, na Koku akaokota nkende.

Mtoto alirudi nyumbani anakimbia. Kwenye igizo la mwaka wa kabla yake alikuwa mti. Alisimama tu mikono juu mpaka mwisho, hata neno moja hakusema.

Mwalimu akaomba bibi na mama zao tuwatengenezee mavazi. Nikakusanya majani makavu ya migomba, nikaanza kushona.

Lakini utashonaje kitu ambacho hujawahi kukitazama? Miaka yote nilikuwa namwona nkende mgongo tu, anakimbia jiwe. Ikabidi niache mawe, nikae kimya chini ya mgomba nimwangalie mkia unavyokaa. Wiki mbili nzima. Nikamwona mama mmoja, mtoto amemng'ang'ania kifuani, anamenya ndizi, anamwonjesha kwanza. Nikasema kumbe.

Vazi likatoka sawasawa. Mbwa wa Ta Bruno alilibwekea.

Siku yenyewe ikafika. Mgeni wa maliasili alikuja kutoka Muleba mjini, wazazi tumejaa, Ta Bruno kakaa mstari wa mbele na bakora yake.

Sasa asubuhi hiyo mtoto aliyekuwa mwindaji, Prospa, aliamka anaharisha. Mwalimu akamvalisha haraka haraka Deusi, kwa sababu ni mrefu. Hakujua kwamba Deusi ni mjukuu wa Ta Bruno, na muziro wake ni nkende. Angejuaje, mtu wa Singida?

Deusi akaja ananyata na mkuki wake wa tete. Akauinua. Akatupa jicho mbele, akakutana na la babu yake.

Akaushusha.

Mwalimu akamnong'oneza achome. Koku amesimama anangoja kufa, na majani makavu yanawasha.

"Deusi, nichome basi, nawashwa."

"Siwezi. Babu ananiangalia."

Mwalimu akamwambia Adolfu ashike mkuki. Adolfu siku hiyo alikuwa kiboko, akajibu kiboko hashiki mkuki. Akawageukia wengine, nao ama ni wa ukoo wetu, ama wameshavaa pembe na wanalia kabla ya zamu yao. Na bila nkende kufa, wimbo hauanzi. Mgeni akaanza kuangalia saa.

Nikamwona Koku anamtazama mgeni na saa yake. Nikajua anawaza nini. Igizo likivunjika, mwakani anarudi kuwa mti.

Hapo ndipo mtoto akapata akili.

"Mwalimu, bibi yangu anaweza. Yeye si wa ukoo wetu, ameolewa tu. Na nyumbani huwa anawapiga mawe. Ana shabaha."

Wakuu, nilisikia hadi kuku wa nyumba ya mwalimu mkuu.

Ma Justa alijifunika uso kwa kitenge. Ta Bruno akageuka polepole, kiti kikalia.

"Shemeji," akasema.

Nikiendelea kukaa, Koku anakosa igizo lake. Nikienda kuchoma, namuua nkende kwa mkono wangu mbele ya ukoo. Miguu ikainuka yenyewe, nikaenda.

Deusi akanikabidhi mkuki kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Nikamtazama nkende. Katikati ya majani niliyoshona mwenyewe nikaona macho ya Koku, ananikonyeza nichome.

Mkono ukakataa. Nikapiga magoti, nikamwamkia kama mke anavyowaamkia wakweze.

"Shemeji, wewe ndiye unayekula ndizi zangu?"

Hilo halikuwa kwenye igizo. Koku akafikiri kidogo.

"Ndiyo mimi. Lakini mwenye tamaa ni kaka yangu. Na jiwe lako moja lilinipata hapa," akageuka, akaonyesha makalio.

Watu wakacheka mpaka mgeni akavua miwani. Nikamwomba nkende msamaha. Akasema hayo siyo yake, nimwulize babu.

Ta Bruno akasimama na bakora. Akasema nitatoa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukoo unywe. Na mgomba wa mwisho kule karibu na kijito tangu siku hiyo siyo wangu, ni wa ndugu zake nkende.

Nikakubali. Safari hii sikudanganya.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe Koku alikuwa amefanya mazoezi ya kufa wiki mbili nzima na hakuwa tayari kuyapoteza. Akajishika kifua bila kuguswa na mtu, akaanguka, akafa, akafufuka kidogo, akafa tena. Wimbo ukaanza.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mwalimu alidhani anafundisha watoto, na muziro miaka yote niliubeba kwa kuitika tu. Kilichonibadilisha ni kushona mkia.

Msidhani nkende nao wamebadilika. Wanakula mkungu wao wa kijitoni, halafu wanapanda kwenye yangu kama kawaida. Mwenye njia ya kuwafukuza bila jiwe aniandikie hapa, na mniambie nanyi kwenu mnyama gani haguswi.

Mimi sasa nawajua mmoja mmoja, nimewapa na majina. Yule mama nimemwita Teodora. Na yule dume mwenye kitambi, anayekaa chini akielekeza wenzake wachume, nimemwita Bruno.

Mwenye undugu naye humu, tafadhali. Ya kibanjani yabaki kibanjani.