Mtani wa Kinanda

Yoramu Kashindye alikuwa seremala hapa Urambo, na ndiye pekee aliyejua kupiga kinanda katika kanisa letu la Moravian. Wateja walimlaumu kwa kuchelewesha madirisha. Kwa kinanda hakulaumiwa na mtu, mpaka mazishi ya Mzee Lugembe, mwaka 1938.

Jeneza likitolewa kanisani, Yoramu alipiga kipande cha kale cha Kijerumani alichofundishwa na mmisionari. Kina huzuni tangu mwanzo, kama mtu anayelia huku akijizuia. Lakini mwisho kabisa kidole kimoja kinahama kutoka kibao cheupe kwenda cheusi cha jirani, na huzuni yote inageuka furaha. Yoramu alipiga kama kilivyoandikwa.

Tuliporudi kutoka makaburini tukaketi majamvini, Masele, mdogo wa marehemu na mzee wa kanisa, akamwita mbele ya watu.

"Yoramu, ulilia nasi vizuri. Mwisho ukashangilia. Kaka yangu alikukosea nini?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, mzee."

"Basi kuanzia leo kinanda kitatiwa kufuli."

Yoramu akatazama mikono yake. Tangu afiwe na mkewe, sikumjua akiwa na kitu kingine cha kumtoa nyumbani.

Abbasi, Mzaramo wa stesheni, alikuwa bado amevaa kofia ya marehemu. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Asubuhi, kwa utani huohuo, alikuwa amejilaza ndani ya kaburi tupu, akagoma kutoka mpaka apewe kuku.

"Masele," akasema, "mimi nimecheka mbele ya maiti yenu, mkanipa kuku. Kinanda mnakinyima mtani?"

"Mtani gani?"

"Hiyo sauti ya mwisho. Wenzake wote wanalia, yeye kaja kuwanyamazisha. Ninyi Wanyamwezi mkiachwa mtalia mpaka masika, na mashamba alime nani? Mimi?"

Mjane, Mama Marcelina, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana, akacheka ndani ya khanga yake. Kisha akaomba uji.

Masele akamtazama shemeji yake akinywa mpaka kibuyu kikaisha.

"Haya," akamwambia Yoramu. "Kufuli basi. Na huyo mtani wa kinanda chako naye apewe kuku."

Jioni nilimwona Yoramu, kuku kwapani, akipitia kanisani kwanza. Akainua kifuniko cha kinanda. Kikafunguka. Akakirudisha taratibu, akaenda zake nyumbani.