Meno ya Mdogo Wangu

Nilimwonea wivu mdogo wangu akiwa hai, na nikamwonea wivu akiwa ndani ya sanda. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema.

Chanzo ni meno. Nilipokuwa mchanga nilishikwa na homa ya kuharisha, na nyanya akaona ufizi wangu umevimba. Kwetu Wasomali, mtoto wa namna hiyo huambiwa ameota meno ya mbweha, nayo yasipong'olewa yatamuua. Nyanya akapitisha msumari motoni, akanichokoa ufizi, akatoa vijino viwili ambavyo hata havikuwa vimechomoza. Homa ikapoa, lakini damu ikakataa kukoma, nami nikashinda siku nzima nikivuja mapajani mwa mama. Machonge yangu ya chini hayakuota kamwe. Mdogo wangu alipozaliwa na kuharisha vilevile, nyanya alikuja na msumari wake, akamkuta mama mlangoni amemkumbatia mtoto, amekataa katakata. Yeye alinusurika kwa sababu mimi niliumia.

Tukakua hivyo, mimi nikicheka na kiganja mdomoni, yeye akicheka kinywa wazi. Watu humpenda mtu anayecheka kinywa wazi.

Siku ya kuandikisha makurutu wa jeshi hapa Garissa tulikwenda uwanjani pamoja. Kwenye mbio nilimwacha nyuma kwa mbali, na nilipogeuka nilimwona anahema, nikafurahi sana. Kisha tukapangwa mstari, mkaguzi akawa anapita akituambia tufungue midomo. Kwangu alisimama, akamulika tochi, akaona mapengo, akaniambia nikae kando. Mdogo wangu aliandikwa nambari kifuani kwa wino mzito. Mimi nikarudi soko la mifugo, na mpaka leo nafungua midomo ya mbuzi wanaotoka Griftu, nikisoma umri wao kwenye meno. Hakuna siku ninayofanya hivyo bila kumkumbuka yule mkaguzi.

Akija likizo, mama alimtilia maziwa ya ngamia kwenye kikombe cha bati ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Mimi niliyemletea mama maji na dawa kila siku niliambiwa nisogee, askari akae. Safari moja aliniletea buti zake kuukuu, akaniambia bado zina nguvu. Nilizigawa sokoni kesho yake.

Kisha lori walilokuwa wakifanyia mazoezi likapinduka kwenye korongo, huko mbali na kwetu. Afisa aliyetumwa kutuarifu alikuwa mtu wa bara, hajui Kisomali hata neno, na Kiswahili cha mama ni cha kununulia sukari. Nikawa mkalimani. Habari ya kifo niliifikisha kama ilivyo, na mama akainamisha kichwa. Afisa akaendelea. Alisema ndugu yangu alikuwa ametoka salama, akarudi ndani ya lori kumtoa mwenzake, akamtoa, akarudi tena kwa wa pili, ndipo lori likabingirika mara nyingine. Nilimsikiliza kwa kijicho. Hata katika kufa alikuwa amenishinda.

Nikamgeukia mama. "Anasema alikuwa mtu mzuri."

"Yeye amesema maneno mengi," mama akasema. "Wewe mbona machache?"

"Kiswahili ndivyo kilivyo, hooyo," nikamjibu. "Kinazunguka."

Maiti ililetwa na gari la jeshi, sanduku limefunikwa bendera. Wazee wengine walisema huyu ni shahidi, azikwe bila kuoshwa, kama wanaouawa vitani. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupinga. Nikasema hakufa vitani, alikufa mazoezini, aoshwe kama sisi wote tutakavyooshwa. Sheikh aliniunga mkono. Yeye alikuwa akifuata sheria, na mimi nilikuwa nikimpunguzia ndugu yangu cheo.

Basi nikaambiwa, wewe ndugu yake, ingia umwoshe. Kwenye chumba cha nyuma ya msikiti, maji yakinuka majani ya mkunazi, nikazungusha kitambaa kibichi kidoleni nikampangusa meno, kama inavyotakiwa. Nikapita moja baada ya jingine. Yalikuwa kamili. Kando ya chonge la chini kulikuwa na mchanga wa kule korongoni, na ilinibidi nirudie mara tatu mpaka utoke. Nililia, na nikilia hivyo, Mungu anisamehe, ulimi wangu ulikuwa ukipapasa mapengo yangu mwenyewe.

Siku ya tatu, wanawake wa msibani walipokwisha kutawanyika, mama aliniita.

"Meno yake ulimsafisha?"

"Nilimsafisha."

"Yalikuwepo yote?"

"Yote, hooyo."

Akaniangalia mdomoni. Maisha yangu yote alikuwa akipakwepa hapo. "Laiti ningemwacha nyanya yenu amng'oe na yeye," akasema. "Leo ningekuwa nanyi wawili."

Hapo ndipo nilipomweleza yote aliyoyasema afisa, tangu mwenzake wa kwanza hadi wa pili. Akataka nirudie, nikarudia. Akauliza kwa nini nilimnyima maneno hayo, nami nikamwambia kwamba nilimwonea wivu, na kwamba bado namwonea. Akasema kwamba kuanzia siku hiyo kazi ya kusimulia habari hizo ni yangu.

Sasa kila anapokuja mgeni, mama hutuma niitwe kutoka sokoni. Hunitilia maziwa kwenye kile kikombe cha bati, akangoja ninywe. Kisha namsimulia mgeni, bila kufunika mdomo, jinsi mdogo wangu alivyorudi ndani ya lori mara mbili, na mama hunisahihisha nikipunguza neno.