Salamu ya Bibi haitoshi mkono mmoja

Jamani, mimi niliyefika mpaka Lubumbashi, leo asubuhi nimeshindwa na salamu!

Nimekwenda kwa bibi yangu wa Rusimbi, nikampigia simu ya video shoga yake aliyehamia Tabora, waonane.
Sura ikatokea.
Bibi akaweka simu mkekani, akaanza makofi ya salamu, Kiha cha zamani: "Mwakeye!"
Shoga naye kaweka yake chini.
Kioo kizima bati la paa tupu! 😂

"Bibi, shika simu!"
"Nimsalimie kwa mkono mmoja? Kanikosea nini?"

Wakaulizana hali mpaka za ng'ombe waliokufa zamani.

Tangu shoga ahame, Bibi hajapigiwa makofi. Sisi wajukuu tunamrushia shikamoo tukiwa juu ya bodaboda.

Simu ilipokatika nikaiacha palepale chini, nikampigia makofi.
"Unapiga vibaya," akacheka. "Rudi kesho."

Nani anifundishe kabla ya kesho?